Umekamatwa saa ngapi?

Kwa miaka minane nilikuwa mwenyekiti wa steji ya boda hapa Kisumu, upande wa Mamboleo. Mwenyekiti hupigiwa simu mteja akikataa kulipa, pikipiki ikigongwa, na zaidi ya yote kijana akichukuliwa na polisi. Sikusomea sheria. Nilijifunza nikiwa nimesimama mbele ya kaunta ya kituo, kisha nikakaa chini na Katiba nikasoma kifungu cha 49, kile cha haki za mtu aliyekamatwa, mpaka kikaniingia. Uenyekiti niliuachia wengine, lakini maswali hayajaacha kuja.

Linaloulizwa kuliko yote ni hili: "Wanaweza kumweka ndani siku ngapi?" Kabla sijajibu, huwa nauliza: alikamatwa saa ngapi? Wengi hawajui. Watakwambia "jana jana hivi" au "kulikuwa kunaingia jioni". Hapo ndipo kesi nyingi huharibika hata kabla hazijafika kwa hakimu.

Sababu yake niliijua Alhamisi moja. Kijana wa steji yetu alinipigia akiwa tayari kwenye gari la polisi. Alisema maneno matatu tu, "Mwenyekiti, nimeshikwa", simu ikakatika. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri. Jioni nikaenda kituoni na mamake. Afisa wa kaunta akafungua kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, akapitisha kidole, akasema jina hilo halimo, labda tujaribu kituo kingine. Mama akageuka kutoka. Mimi nikatazama chini. Kando ya kaunta palikuwa na rundo la viatu na mishipi, kwa maana mtu akiingia seli huvuliwa, na katikati ya lile rundo nikaona raba moja ya kijani imefungwa kwa kamba ya machungwa. Ile kamba nilikuwa nimempa mwenyewe asubuhi yake, ya kwake ilipokatika. Nikasema, "Afande, mwenye kiatu kile ndiye tunayemtafuta." Akanyamaza. Baadaye tukaruhusiwa kumpitishia chai.

Jina lake liliandikwa OB kesho yake, Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Lakini saa hizo zikiisha nje ya muda wa korti, au siku ambayo korti hazikai, polisi wana nafasi mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Sasa piga hesabu. Mtu aliyeshikwa Alhamisi saa tisa alasiri, saa zake zinaisha Ijumaa saa tisa, hakimu akiwa bado kazini. Alipaswa kusimama mbele yake siku hiyo. Aliyeandikwa Ijumaa jioni, saa zake zinaishia Jumamosi, kwa hivyo kumkalisha ndani mpaka Jumatatu kunaonekana halali kabisa. Siku tatu za mtu zilimezwa na tarehe moja kitabuni.

Jumatatu kijana aliinua mkono kortini akasema alishikwa Alhamisi. Nilikuwa nimemwambia aseme hivyo, na simu yangu yenye ile rekodi ya saa tisa na dakika kumi nilikuwa nayo mfukoni, wakili aliyekuwa pale kwa kesi nyingine akatusaidia kuieleza. Hakimu aliandika, akamuuliza kiongozi wa mashtaka maswali mawili makali, kisha akampa dhamana ya shilingi elfu tano.

Kwa hivyo ukisikia mtu wako ameshikwa, kabla hujalia na kabla hujatafuta pesa, andika saa, mahali, aliyeona, na namba ya gari kama kuna aliyeishika. Usiifute ile simu aliyokupigia. Ukifika kituoni omba namba ya OB kwa adabu, uombe tena kwa adabu ile ile. Tangu mwaka 2025 nasisitiza jambo hili zaidi. Juni mwaka huo Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani, lakini uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia. Tangu hapo wazazi wa huku wananiuliza, "Wakimpeleka mbali je?" Nawaambia: uliza anapelekwa kituo gani na nani anampeleka, yaandike, na mtu mmoja wa familia afuate siku hiyo hiyo. Babake Ojwang alifuata mpaka Nairobi. Siahidi mtu kwamba kufuata kunatosha.

Je, lazima wawe na waranti? Hapana. Polisi anaweza kukukamata bila waranti akiwa na sababu ya maana ya kukushuku kwa makosa yaliyoruhusiwa na sheria, au ukivunja amani mbele yake, au ukimzuia kufanya kazi yake. Hilo la mwisho vijana hulisahau. Ukivutana naye barabarani umempa kosa la pili, hata kama la kwanza halikuwepo. Ila ana wajibu wa kukuambia mara moja sababu ya kukushika, na kwa lugha unayoielewa. Kama ni Kijaluo unachoelewa vizuri, sema hivyo.

Na kuongea? Una haki ya kunyamaza. Toa jina lako, kisha sema, "Afande, mengine nitaeleza nikiwa na wakili." Sauti iwe ya chini. Usisaini karatasi usiyoisoma au usiyosomewa, na usiache nafasi tupu juu ya saini yako. Kukiri kosa mbele ya askari yeyote hakusimami kortini hivi hivi: sheria ya ushahidi inataka ukiri mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha juu kinachotajwa na sheria ambaye si yeye anayechunguza kesi yako, na mtu uliyemchagua awepo. Nimewaona vijana waliosaini ukurasa mzima wa Kiingereza kwa kuahidiwa kwamba wataenda nyumbani. Hawakwenda.

Nyumba kupekuliwa usiku ni swali la akina mama hasa. Waranti ya upekuzi kwa kawaida hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na kuzama, isipokuwa korti imeruhusu saa nyingine. Kuna hali za dharura ambapo polisi huingia bila waranti, kwa hivyo usiwazuie kwa mwili wako. Omba kuiona waranti, kaa pale wanapopekua, na uandike walichochukua. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa heshima.

Mtoto je? Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, na hata akishikwa mkubwa kuliko huo, mtoto hawekwi seli moja na watu wazima. Nenda na cheti cha kuzaliwa. Maafisa wengi wakikiona hubadilisha sauti.

Kuna swali ambalo vijana wa boda hawaniulizi, nami huwajibu tu. Mwizi wa pikipiki mkimkamata wenyewe, mmefanya nini? Raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali sheria inasema mumpige, sembuse kumwekea tairi. Niliwahi kusimama katikati ya umati nikimshika kijana wa watu kwa kola, damu inamtoka puani, naomba dakika tano polisi wafike. Kumbe pikipiki ilikuwa ya mjomba wake. Bado naikumbuka harufu ya petroli iliyokuwa imeshaletwa kwenye chupa ya maji.

Ukipigwa na afisa, nenda hospitali kwanza. Sisi huenda ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Tunza kila karatasi ya matibabu, kisha upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka inayochunguza polisi. Wana ofisi hapa Kisumu, na namba 1559 haitozi pesa.

Sasa pesa. Kifungu hicho cha 49 kinasema kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hapaswi kuwekwa rumande. Makosa mengi madogo ya barabarani yako humo. Kituoni pia unaweza kupewa dhamana usubiri korti nyumbani, ila si kwa makosa kama mauaji au wizi wa mabavu. Hayo ombi lake hupelekwa kortini. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti. Pesa isiyo na risiti si dhamana, ni hongo, na sheria ya hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Usiku ule wa Alhamisi nilitoa elfu mbili ili kijana "aangaliwe vizuri". Hakuandikwa, hakuachiliwa, na mamake aliuza kuku kunirudishia. Inaniuma mpaka leo.

Zile elfu tano za kortini nililipa mimi, risiti ikatoka kwa jina langu, nikampa mama aiweke. Mashahidi hawakutokea, kesi ikaondolewa baada ya miezi kumi na mmoja. Siku ya kudai pesa alikuja nayo ikiwa imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya yule kijana alipokuwa mchanga. Aliyelipa ndiye hurudishiwa, kwa hivyo nilisaini mimi. Zilirudi zote.