Kocha, mbona simu yasema 98 na 90 zimenikalia kifuani?

Swali: Shikamoo kocha. Mimi napiga chuma kwa jim moja hapa Kisauni. Juzi nilipiga benchi, ile ya kulala chali na kusukuma bar toka kifuani, kilo 60 mara 15, nikaweka kwa simu ikaniambia uzito ninaoweza kuinua mara moja tu ni 98. Nikasema wacha nijipunguzie, nikaweka 90, ikashuka vizuri halafu ikanikalia kifuani, wenzangu wawili ndo walonitoa. Simu yadanganya ama mimi ndo mnyonge? Bar yetu ni bomba la kuchomelewa na fundi, tunaihesabu 20 kama zile za dukani.

Jibu: Marahaba kijana wangu, pole na kifua. Mnyonge si wewe, ni ile seti ya mara 15 uloipa simu ndo haifai kwa hesabu hii.

Hiyo 98 imetoka kwa fomula ya Brzycki: kilo mara 36, halafu wagawanya kwa 37 ukitoa repu, yaani mara ulizoinua. Kwako ni 60 mara 36 gawanya kwa 22. Sasa chukua ile nyengine ya Epley, wagawanya repu kwa 30, wajumlisha moja, wazidisha na kilo, wapata 90. Seti ni hiyo hiyo na mwili ni huo huo lakini tayari kilo 8 zishapotea njiani. Kwa repu 10 zote mbili hutoa jibu moja, 60 inakuwa 80, lakini ukipita hapo kila moja yashika njia yake, repu 20 Epley yasema 100 na Brzycki yasema 127, na ukifika repu 37 Brzycki yagawanya kwa sufuri, hesabu imekufa hapo hapo.

Kwani repu ya 13, 14, 15 wasimamishwa na nini? Ni moto kwenye misuli na pumzi, tena na hili joto letu na jasho mpaka benchi lateleza, nguvu zenyewe bado ziko. Ndo maana mtu wa mkokoteni aweza kukupigia 60 mara 20 bila kelele na bado 90 zikamshinda, na kuna jamaa mwengine repu 8 hoi lakini mpe mzigo mzito mara moja auinua. Fomula haimjui yupi ni yupi. Hata kwa mtu mmoja miguu na kifua havilingani, kwa hivo hesabu ya benchi usiipeleke kwa skwoti, ile ya kuchuchumaa na mzigo mabegani.

Fanya hivi. Pumzika siku mbili tatu, pasha mwili moto, weka uzito utakaoinua mara 3 mpaka 5 tu. Repu ihesabiwe kama bar imegusa kifua na mikono imenyooka, na mwenzako asiguse, maana kuna wale wa "ni wewe, ni wewe" na vidole vishainua nusu ya mzigo. Tuseme umepiga 75 mara 4: Epley 85, Brzycki karibu 82. Shika ile ndogo, na ukipanga mazoezi anzia asilimia 90 yake, kama 74 hivi. Mimi repu zikizidi 10 sihesabu kabisa.

Na siku uko peke yako usifunge zile klipu za pembeni zinazoshika vyuma, bar ikikukalia wailaza upande mmoja vyuma vyamwagika. Kelele itakuwepo lakini utatoka.

Sasa hiyo bar. Bar ya mashindano ya Olimpiki ya wanaume ni kilo 20, ya wanawake 15, bomba la fundi ni chochote kile. Ipeleke kwa mtu wa skrepu, ana mizani, na kama mwatumia mikebe za simiti badala ya vyuma, hizo pia mpelekee. Ikitoka 12, jua zile 60 zako zilikuwa 52 na zile 90 zilikuwa 82, na usitoe tu 8 kwenye jibu, rudia hesabu toka mwanzo.