Hajapona, dada. Amelala tu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Iringa aliniandikia. Kaka yake ameacha kokeini, siku ya nne sasa. Hatetemeki, hatapiki, analala kutwa, na akiamka anamaliza sufuria la ugali peke yake. "Kaka, si ndiyo kapona?" Niliusoma ujumbe nikiwa shambani Uyole, nikaweka jembe chini, nikakaa juu ya tuta. Maneno hayohayo mama yangu aliwaambia majirani mwaka 2021. Siku kumi na moja baadaye niliuza pikipiki ya mdogo wangu.

Huku kwetu Mbeya ukisema unga, watu wanaelewa heroini. Wameona arosto yake: mafua yasiyokatika, mifupa kuuma, tumbo kuharisha, mtu kajikunyata juani saa sita mchana na makoti mawili. Kwa hiyo asiyetetemeka wanadhani hana shida. Kokeini haina makelele hayo. Ikikata, mtu anazimika. Siku za mwanzo ni usingizi, njaa, hasira za ghafla na ndoto mbaya zilizo wazi mno. Mimi niliota navuta, nikaamka napapasa shuka nikitafuta iliyobaki.

Kisha kinakuja kipindi ambacho hakuna anayekuhadithia. Unaonekana mzima, unaoga, unasalimia watu, ila hakuna kitu kitamu. Ndizi za mama za Tukuyu, zile nilizokuzwa nazo, nilizitafuna kama gunia. Mwanangu akanionyesha daftari lenye vema tupu, nikamwambia "safi" huku moyoni pamekauka. Muuguzi alinieleza baadaye: ubongo una kemikali yake, dopamini. Kokeini inaizuia isirudi ilikotoka, inajazana, na ubongo ukishazoea wingi ule, raha za kawaida hauzisikii tena. Kurudi sawa ni wiki nyingi, kwa wengine miezi. Kiu nayo haikuagi. Inakaa kimya ikisubiri harufu, sura ya mtu, mlio wa simu fulani.

Nilikuwa na duka la spea Mwanjelwa, na niseme ukweli, nilikuwa mtu. Kila mwezi nilishuka Dar kufunga mzigo Kariakoo, na jioni wenzangu walinikaribisha walikokuwa wamefikia, Sinza. Mara ya kwanza nilivuta kwa sababu sikutaka kuonekana mshamba wa nyanda za juu. Miaka miwili iliyofuata siielezi. Duka likaisha, mke wangu akachukua watoto akaenda kwao Makambako.

Nilipochoka nikaenda hospitali ya rufaa ya kanda, kwenye kliniki ya methadoni iliyopo tangu 2017, nikijua nitapewa kikombe ninywe, yaishe. Muuguzi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, methadoni ni ya heroini na ndugu zake. Kwa kokeini bado hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuiondoa kiu." Nilikasirika, nusura nitoke. Akaniuliza taratibu kama nimewahi kufikiria kujiua. Nikasema ndiyo. Hakuniachia niondoke mpaka dada yangu mkubwa alipofika. Kwa hiyo wewe wa Iringa, hilo kalifanye leo: muulize kaka yako swali hilohilo bila kuzungukazunguka, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali aonane na watu wa afya ya akili. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni bure.

Mimi nilikuwa mbishi. Niliacha ushauri nasaha katikati, nikapelekwa nyumba moja ya kurekebisha tabia, siitaji jina. Miezi mitatu ya fimbo na maombi. Nilitoka nimenona, nang'aa. Jumapili ile nikasimamishwa kanisani nitoe ushuhuda. Akina mama walilia, vigelegele vikapigwa, wakapitisha kapu. Nikakabidhiwa bahasha yenye laki mbili na elfu arobaini, eti mtaji wa kuanzia.

Haikulala.

Wapo mpaka leo wanaosema niliwatapeli. Sikuwatapeli. Nilipokuwa nimeshika maikrofoni kila neno lilikuwa kweli, mpaka bahasha iliponigusa mkono. Noti zile ndizo zilizokuwa zikinipeleka kwa pusha miaka yote, na mwili ukakumbuka njia kabla akili haijasema kitu. Ndugu zangu wapendwa mnaopenda kuwapa mtaji waliotoka juzi: acheni. Mnunulieni mbolea. Mlipieni pango. Msimpe pesa mkononi!

Ushauri wangu basi ni huo, pesa. Kaka yako asishike pesa. Mshahara, deni alilolipwa, nauli, vyote vipite kwa mtu mwingine. Laini ya simu abadilishe. Pombe nayo aache, hata ile moja ya kutoa baridi ya Juni. Ikichanganyika na kokeini, ini linatengeneza kitu kingine kinachouumiza moyo zaidi, na isitoshe mimi kila nilipoanguka nilianza na bia mbili. Na pesa. Nimeshasema pesa?

Mwaka wa tatu huu sijagusa. Wanaume wenzangu wananicheka kwamba nina miaka arobaini na tatu na naomba nauli kwa dada. Wacheke. Viazi vyangu nauza, wanunuzi wanatuma kwenye simu ya dada, yeye ananirushia elfu tano ya siku.

Jumamosi mnunuzi mmoja mtandao ulimgomea, akanilipa taslimu, laki tatu na themanini. Kutoka Uyole hadi Kabwe si mbali, lakini kwenye ile daladala nilitoka jasho na dirisha liko wazi. Nilimpigia dada mara tatu njiani, tunaongea upuuzi tu, bei ya nyanya. Alinisubiri kituoni na khanga yake kichwani. Akazihesabu palepale mbele ya makondakta na wauza parachichi, akarudia mara ya pili, mimi nimesimama pembeni kama mtoto aliyerudishwa dukani na chenji pungufu. Zilitimia.