Ndoto ya kuhubiri, na uamuzi wa kuacha ualimu

Shalom ndugu yangu. Umeuliza kama ndoto ya kuhubiri, iliyokujia zaidi ya mara moja, inatosha kuacha ualimu na kwenda chuo cha Kilutheri cha Makumira kusomea uchungaji, na kwamba mama watoto ana wasiwasi.

Usiidharau ndoto, ila usiitegemee peke yake. Samweli aliitwa akakimbilia kwa Eli, na ni yule mzee aliyetambua kwamba anayeita ni Bwana (1 Samweli 3). Nenda kwa mchungaji wako na wazee wa kanisa, waeleze bila kuficha. Kanisani Antiokia pia, kabla ya kutumwa, Barnaba na Sauli (yaani Paulo) waliwekewa mikono na watu waliokuwa wakifunga na kuomba pamoja nao.

Kisha angalia unachofanya sasa. Msiba ukitokea kwenye jumuiya yenu, unabaki na wafiwa wageni wakishaondoka? Vijana wa kipaimara wanakutafuta wenyewe? Mimi nalitazama hilo kuliko sauti nzuri ya mimbarini, maana uchungaji kwa sehemu kubwa ni vitanda vya wagonjwa, ndoa zinazoyumba na vikao virefu vya baraza la wazee.

Tafadhali, wasiwasi wa mkeo usiuite kizuizi cha shetani. Paulo anauliza asiyeweza kusimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu (1 Timotheo 3:5). Ombeni pamoja, pigeni hesabu ya ada na chakula cha watoto. Mwaka huu omba nafasi ya kufundisha kipaimara na kuongoza ibada za jumuiya, ukiwa bado mwalimu.