Samaki hawana siri, kaka anazo

SWALI: Ndugu wahariri, nauza dagaa na migebuka hapa Kibirizi, Kigoma. Wateja wangu wengi wa Dodoma na Dar es Salaam hunipata TikTok. Kaka yangu ni askari, na kila akipiga simu ananiambia niifute, Wachina wanachota siri za nchi. Mimi narekodi samaki tu. Niifute? (Muuza samaki, Kibirizi)

JIBU: Samaki wako hawana siri, dada. Mwenye siri ni kaka, na namba yake imo kwenye simu yako.

Hofu yake ina msingi. ByteDance, kampuni mama ya TikTok, ni ya Beijing, na sheria ya ujasusi ya China ya 2017 inazitaka kampuni zisaidie kazi za ujasusi wa taifa. India iliifungia TikTok Juni 2020, pamoja na programu nyingine 58. Desemba 2022 ByteDance yenyewe ilikiri kwamba wafanyakazi wake walichungulia taarifa za waandishi wa habari ili kumjua aliyekuwa akivujisha mambo ya kampuni. Ila kaka asiwatazame Wachina peke yao. Strava, programu ya wakimbiaji, ni ya Marekani, na Januari 2018 ramani yake ilikutwa inaonyesha kambi za jeshi, kwa sababu tu askari walikimbia mazoezi huku programu hiyo ikirekodi mahali walipo.

Sasa simu yako. Ukiiruhusu TikTok isome majina uliyohifadhi, inaweza kuchukua majina na namba zao, hata za wasio na akaunti. Kama umemwandika "Kaka Kambini", umeshamtambulisha.

Wengi hukosea hapa: huzima ruhusa kwenye simu wakadhani wamemaliza, kumbe namba zilizokwishapakiwa hazirudi. Anzia ndani ya TikTok. Fungua wasifu wako, gusa mistari mitatu juu, ingia mipangilio na faragha, kisha faragha. Tafuta sehemu ya kusawazisha (sync), yaani kupakia, namba za simu, futa zilizosawazishwa zamani, ndipo uzime. Baada ya hapo nenda mipangilio ya simu, programu, TikTok, ruhusa: majina uliyohifadhi na mahali ulipo, zikatalie. Kamera na maikrofoni ziruhusu wakati unaitumia tu, maana bila hizo hakuna video. Kukatalia mahali hakukufichi kabisa, kwani anwani ya intaneti (IP), namba inayoitambulisha simu yako mtandaoni, bado inaonyesha uko nchi gani. Lakini haitajua umesimama ufuko gani.

Ukishafanya hayo, endelea kuuza. Kaka akija likizo na sare, usimweke kwenye video. Na simu yake mwenyewe aikague vilevile. Kama ni Tecno au Infinix, kampuni iliyoitengeneza nayo ni ya China.

SWALI: Nikiiondoa programu ya TikTok kwenye simu, taarifa zangu zinafutika? (Msomaji, Ipuli, Tabora)

JIBU: Hazifutiki, akaunti inabaki kwao. Pakua kwanza nakala ya video zako, kisha ufute akaunti kupitia mipangilio, na programu iwe ya mwisho kuondoka. TikTok huisimamisha akaunti siku 30 kabla ya kuifuta moja kwa moja. Ukiingia tena siku ya 29 kuchungulia, umeifufua, na utaanza kuhesabu upya.