Ping inajibu, ukurasa unaganda: angalia njia ya kurudi

Mkuu, umesema ping (kipimo cha kuona kama kifaa kinafikika) kutoka kompyuta yako 192.168.1.20 kwenda seva 192.168.2.10 inajibu, ila ukurasa wa seva unaganda hata baada ya kuongeza kanuni kwenye fayawoli (kichujio cha mtandao) ya ruta ya kwanza. Kanuni yako haina kosa. SYN (ombi la kuanza muunganisho) inapita ruta ya kwanza, kisha ya pili (192.168.1.2). SYN-ACK (jibu la seva) inarudi moja kwa moja kwenye kompyuta yako, maana ruta ya pili iko nawe mtandao mmoja. Ruta ya kwanza haikuiona, hivyo ACK (uthibitisho wa kompyuta yako) inayofuata inaihesabu batili na kuitupa.

Tafadhali usizime fayawoli! Unganisha ruta hizo mbili kwa mtandao wao pekee, mfano 192.168.9.0/30 (mtandao mdogo wenye anwani mbili tu za vifaa), na usisahau kurekebisha njia pande zote mbili.