Nchi ndogo yenye viti vikubwa kwa sifa

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Najifunza ubunifu wa samani, na kila nikisoma habari za viti narudishwa Denmark. Nchi ndogo vile ilifikaje huko? Au walijaliwa vipaji tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vipaji walikuwa navyo, lakini mimi niliyeshika randa miaka mingi naona chanzo kingine: mchoraji na seremala walikaa meza moja.

Mwaka 1924 Kaare Klint alianza kufundisha samani katika chuo cha kifalme cha sanaa, Copenhagen. Kwake kazi ilianza kwa vipimo, si kwa umbo la kupendeza. Alipima mwili wa binadamu, akapima na vyombo vya mezani, ndipo aamue kabati liwe na kina gani. Viti vya kale hakuvidharau pia. Alivichunguza na kuviboresha.

Maseremala wa mji huohuo nao walikuwa wamebanwa na samani za viwandani. Mwaka 1927 chama chao kikaanzisha maonyesho ya kila mwaka, yakadumu hadi 1966. Humo fundi mzoefu aliungana na mbunifu kijana, na mchoro usiotengenezeka ulijulikana mapema.

Wengine walikuwa vyote viwili. Børge Mogensen, seremala aliyesoma kwa Klint, aliongoza kuanzia 1942 ubunifu wa samani za FDB, muungano wa maduka ya ushirika ya Denmark. Kiti chake J39, cha 1947, kilikusudiwa nyumba za watu wa kawaida. Hili nalipenda kuliko sifa zote za makumbusho.

Na Hans Wegner, mtoto wa fundi viatu wa Tønder, alihitimu useremala kabla ya kusomea ubunifu. Kiti chake cha duara cha 1949 ndicho kilichoonekana katika mdahalo wa televisheni wa Kennedy na Nixon mwaka 1960. Mwanzoni alizungushia henzirani kwenye mgongo ili kuficha viungo vya mbao. Baadaye akaiondoa, akaunga mbao kwa meno yanayopishana kama ya msumeno, akayaacha wazi yaonekane. Mtu asiyewahi kushika patasi asingethubutu.

Tafuta picha za matoleo yote mawili, uziweke ubavu kwa ubavu, kisha uchore kile kiungo kwa mkono wako. Ukikwama, niandikie tena.