Kufundisha mazingira kwenye kilombo: anzia shambani

Dada, umeuliza uwafundishe nini kuhusu mazingira watoto wa kilombo, yaani jamii ya wazao wa Waafrika waliotiwa utumwani, kule kwenye bonde la Vale do Ribeira, Brazili, utakapokwenda kujitolea. Nakusihi, usianze na mabango ya "tusikate miti". Mababu zao waliotoka utumwani waliishi ndani ya Msitu wa Atlantiki, na bonde hilo bado lina sehemu kubwa ya msitu huo iliyosalia.

Waombe wazee wawaonyeshe watoto koivara: kipande kidogo hufyekwa na kuchomwa, hupandwa mpunga, mahindi, maharage na muhogo, kisha huachwa miaka mingi mpaka msitu urudi. Watoto wakadirie umri wa kila kichaka, wachore ramani, waandike majina ya mbegu za bibi zao. Ukimwambia mtoto kwamba moto wowote ni uharibifu, umemwambia babu yake ni mharibifu, na hilo linauma sana. Mwaka 2018 kilimo hicho kilitambuliwa rasmi kuwa urithi wa utamaduni wa Brazili.

Miongozo ya elimu ya vilombo ya 2012 nayo inataka maarifa ya jamii yaingie darasani. Kwa hiyo kaa na wazee kwanza, ndipo uandike somo.